Jino Lililooza Hadi Ndani: Mwongozo Kamili wa Kuliokoa, Kutoka Usiku wa Maumivu Hadi Kofia

Kila ninapoandika kuhusu meno, ujumbe unaonirudia ni uleule. Mtu aliumwa na gego, akaenda kliniki, akaanza ruti kanali, yaani tiba ya kusafisha na kujaza mifereji iliyo ndani ya mizizi ya jino. Maumivu yakakata, naye akaona amepona. Miezi ikapita. Siku moja anatafuna mahindi ya kuchoma, jino likapasuka katikati hadi kwenye mzizi, likang'olewa. Pesa imekwenda, jino limekwenda.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu huyo, na kwa yule ambaye bado hajaanza. Maumivu kuisha si jino kupona, na hatua ambayo wengi huiruka ndiyo inayoamua kama jino litadumu. Fuata kwa mpangilio.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Daktari wa meno aliyesajiliwa. Tanzania Bara usajili ni wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya ni wa KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno. Una haki ya kuuliza.
- Bajeti ya kazi nzima. Usihesabu siku ya kwanza tu. Hesabu picha, ruti kanali, kujenga jino upya na kofia ya kulifunika.
- Orodha ya magonjwa na dawa zako. Kisukari, presha, tatizo la valvu ya moyo, dawa za kuzuia damu kuganda, mzio wa penisilini, ujauzito. Ujauzito hauzuii matibabu ya meno, ila daktari lazima aujue mapema.
- Mahali pa kuandika maumivu. Daftari au simu, vyote sawa.
- Mswaki laini, uzi wa meno, na dawa ya meno yenye floridi. Soma boksi: kiwango kiwe kati ya ppm (sehemu kwa milioni) 1000 na 1500.
- Muda. Jino lililooza hadi ndani huhitaji kwenda kliniki mara tatu hadi tano, kwa wiki kadhaa.

Kama pesa ni tatizo, uliza kuhusu kliniki za vyuo vinavyofundisha udaktari wa meno, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi hutibu wakisimamiwa na walimu wao. Kazi huchukua muda mrefu zaidi, lakini kila hatua hukaguliwa.

## Hatua ya 1: Yasome maumivu yenyewe

Jino lina enameli ngumu juu, dentini chini yake, na katikati kuna kiini chenye neva na mishipa ya damu. Tiba huamuliwa na umbali ambao uozo umefika, na namna jino linavyouma hukuonyesha umbali huo kabla hata hujafika kwa daktari.

Jino likichoma kwa maji baridi au kitu kitamu, kisha likatulia ndani ya sekunde chache, kwa kawaida kiini bado kizima. Kuziba kunatosha. Hapa ndipo tiba ilipo nafuu kuliko popote, na inasikitisha kwamba hapa ndipo wengi husema "litapita".

Jino likiuma lenyewe bila kuguswa, likakuamsha usiku, au chai ya moto ikaliwasha na maumivu yakakaa dakika nyingi, kiini kimevimba kiasi cha kutorudi katika hali yake. Ukizibwa juu tu, maumivu yatarudi usiku huohuo.

Jino likiuma unapotafunia, au ukihisi limekuwa refu kuliko mengine, mara nyingi maambukizi yameshafika kwenye ncha ya mzizi. Wakati mwingine utaona kijipele kwenye ufizi kinachotoa usaha, kinanywea, kisha kinarudi.

Hali inayodanganya kuliko zote ni hii: jino limeuma wiki nzima, halafu ghafla likanyamaza. Kiini kimekufa. Vijidudu havijafa pamoja nacho. Vinaendelea kushuka kuelekea mfupa wa taya.

Kama umekulia Arusha, Kilimanjaro au sehemu nyingine za Bonde la Ufa ambako maji yana floridi nyingi, usichanganye madoa ya kahawia ya tangu utotoni na uozo. Yale ni alama ndani ya enameli. Uozo huacha shimo, au sehemu iliyolainika.

Onyo: uvimbe chini ya taya au shingoni, kushindwa kumeza, kushindwa kufungua mdomo, pumzi kubana, au homa kali: nenda hospitali usiku huohuo. Maambukizi ya jino yanaweza kuziba njia ya hewa.

Umefanikiwa ukiweza kusema: ni jino lipi, linaumizwa na nini, na maumivu yanakaa muda gani.

## Hatua ya 2: Tuliza bila kuharibu

Kwa mtu mzima mwenye afya ya kawaida, parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa 6, na si zaidi ya vidonge 8 kwa siku. Ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya kula, ikitumiwa pamoja na parasetamoli, hutuliza maumivu ya jino vizuri kuliko moja peke yake. Usitumie ibuprofeni kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, ujauzito, au pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo.

Karafuu inasaidia kweli. Mafuta yake yana eujenoli, kitu kilekile ambacho madaktari wa meno huchanganya na oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuziba kwa muda. Tone moja kwenye pamba, pamba kwenye shimo. Usipake ufizi, maana mafuta hayo huunguza.

Usiweke kidonge cha aspirini kwenye ufizi. Usiweke maji ya betri wala petroli. Vitu hivi huunguza nyama ya mdomo na kuozesha mfupa, na jino bado litauma. Na hakuna mdudu wa kutolewa kwenye jino kwa moshi au mitishamba. Kinachoozesha jino ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyogeuza sukari kuwa asidi.

Sasa kuhusu antibayotiki kama amoksilini na metronidazo, ambazo wengi hununua duka la dawa mara jino linapouma. Dawa husafirishwa na damu. Jino ambalo kiini chake kimekufa halina damu ndani, kwa hiyo dawa haifiki kule vijidudu viliko. Utapata nafuu, kisha jino litarudi palepale. Antibayotiki zina kazi yake pale uvimbe unaposambaa au homa inapopanda, na hata hapo hutolewa pamoja na tiba ya jino lenyewe.

Umefanikiwa: umelala, na umepata siku ya kumwona daktari ndani ya siku chache.

## Hatua ya 3: Piga picha, kisha amua

Usikubali jino ling'olewe wala litobolewe kabla ya picha ya eksirei, isipokuwa hali ni ya dharura. Macho huona shimo la juu tu. Picha huonyesha uozo umefika wapi, mizizi imekaaje, na kama mfupa kwenye ncha umeanza kuliwa. Mfupa ulioliwa huonekana kama kivuli cheusi.

Daktari atagonga jino, atalipima kwa baridi, na atalitikisa. Mweleze ulichoandika katika hatua ya 1. Mgonjwa anayesema "upande wote unauma" hutibiwa kwa kubahatisha.

Kisha uliza swali ambalo lingewaokoa wengi wa walioniandikia: "Uozo ukishaondolewa, patabaki jino zima la kutosha juu ya ufizi kushika kofia?" Kinachotafutwa ni takriban milimita 2 za jino imara kulizunguka juu ya ufizi. Zikikosekana, ruti kanali inaweza kufanyika vizuri kabisa na jino likavunjika vilevile. Ni haki yako kulijua hilo kabla ya kulipa.

Kung'oa ni uamuzi sahihi pale mzizi umepasuka kwa urefu, mfupa unaoshika jino umeliwa sana na ugonjwa wa fizi, au ni gego la mwisho lililolala vibaya. Nje ya hapo, kung'oa jino linaloweza kuokolewa ni kununua tatizo jingine, kama utakavyoona katika hatua ya 7.

Angalia pia vifaa. Vinatakiwa vitoke kwenye mfuko uliofungwa, na mfuko ufunguliwe mbele yako. Pembeni ya mfuko kuna alama inayobadilika rangi vifaa vikishapitishwa kwenye mashine ya mvuke. Ukiuliza, daktari mzuri atakuonyesha.

Umefanikiwa: unatoka na mpango ulioandikwa, wenye idadi ya mahudhurio na gharama hadi kofia.

## Hatua ya 4: Kuziba, kama kiini bado kizima

Ukifika mapema, safari yako inaishia hapa.

Kompoziti ni dawa nyeupe inayogandishwa kwa mwanga wa bluu. Inapendeza, lakini inahitaji jino kavu kabisa wakati wa kuwekwa; mate yakiingia, haishiki. Glasi ayonoma, dawa nyingine ya kuziba, nayo hushikamana na jino yenyewe na kutoa floridi kidogo kidogo, ila si imara kama kompoziti kwenye mashimo makubwa ya magego. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Ndiyo pia inayotumika katika mbinu ya kuchokoa uozo kwa vifaa vya mkono bila mashine, mbinu iliyoanzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na inayofaa sana kwa watoto na mahali pasipo na umeme.

Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, ni imara, lakini ina zebaki. Chini ya Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, matumizi yake yanapunguzwa, na nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2022 kutoiweka kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha. Kama unayo mdomoni na haina tatizo, usiitoe kwa hofu. Kuichimba ndiko kunakotoa mvuke wa zebaki.

Kabla hujainuka kwenye kiti, daktari akupe karatasi ya rangi uing'ate. Sehemu iliyozidi urefu huacha doa zito, naye huisugua. Ganzi ikiisha na ukahisi jino hilo ndilo linalogusa kwanza, rudi. Halitajizoea lenyewe.

Umefanikiwa: unatafuna pande zote mbili, na baridi haichomi zaidi ya wiki mbili tatu.

## Hatua ya 5: Ruti kanali

Kazi yenyewe ni kuondoa kiini kilichooza, kusafisha mifereji iliyo ndani ya mizizi, kisha kuijaza na kuifunga. Hufanyika chini ya ganzi. Jino lenye usaha linaweza kugoma kufa ganzi mara ya kwanza. Ukisikia maumivu, inua mkono na useme. Kuvumilia hakusaidii yeyote.

Mpira wa kutenga jino. Ni karatasi nyembamba ya mpira, mara nyingi ya bluu au kijani, inayotobolewa tundu moja. Jino hutokeza kwenye tundu hilo na mdomo wote uliobaki hufunikwa. Huzuia mate yenye vijidudu kuingia kwenye mfereji unaosafishwa, na huzuia kifaa kidogo au dawa ya klorini kushuka kooni. Baadhi ya kliniki huuacha ili kuokoa muda. Uombe kabla ya kuanza.

Kusafisha. Daktari hutumia visindano vyembamba vinavyoitwa faili, huku akimwagia dawa ya klorini mara kwa mara. Faili hupanua njia; dawa ndiyo inayoua na kuyeyusha mabaki katika kona ambazo chuma hakifiki. Urefu wa kila mfereji hupimwa kwa kifaa cha umeme au kwa picha, ili asiishie njiani wala kupitiliza ncha.

Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego la chini mara nyingi lina mitatu, la juu mitatu au minne. Ndiyo maana bei na muda hutofautiana, na ndiyo maana jino linaweza kuendelea kuuma kama mfereji mmoja umesahaulika.

Kujaza. Mifereji ikishakuwa safi na mikavu hujazwa mpira maalumu uitwao gatapacha pamoja na gundi yake, kisha picha hupigwa. Omba uione. Unachotaka kuona ni mstari mweupe usiokatika ndani ya kila mzizi, unaofika karibu na ncha, pungufu ya milimita 2 au chini ya hapo.

Siku chache za kuuma unapotafuna ni kawaida. Uvimbe unaokua, au maumivu yanayozidi kila siku, si kawaida.

Onyo kubwa liko hapa. Juu ya jino utakuwa na kizibo cha muda. Kimetengenezwa kiwe rahisi kutolewa, na hudumu wiki chache tu. Kipitishie ulimi kila siku. Ukihisi bonde ambalo jana halikuwepo, au ukionja kitu kichungu, kimelika au kimepasuka, na mate yanaingia kwenye kazi uliyolipia. Rudi wiki hiyohiyo. Upande huo usitafunie kitu kigumu: si mifupa, si karanga, si barafu.

Umefanikiwa: picha ni nzuri, jino halikuumizi, na tarehe ya kofia iko kwenye kalenda. Bila tarehe hiyo hujamaliza hatua hii.

## Hatua ya 6: Kofia, hatua inayorukwa

Gego lililofanyiwa ruti kanali limepoteza paa lake. Uozo umekula katikati, daktari amefungua zaidi ili afike kwenye mifereji, na zimebaki kuta zilizosimama peke yake. Kila ukitafuna, kuta hizo husukumwa nje kidogo. Huhisi chochote, maana neva haipo tena. Ufa huanza kwa siri na hushuka hadi mzizini, na ufa ulioshuka mzizini hauna dawa isipokuwa kung'oa.

Kofia, ambayo kliniki nyingi huiita krauni, hulikumbatia jino pande zote ili kuta zisisukumwe. Magego makubwa na madogo huihitaji karibu kila mara. Jino la mbele lenye tundu dogo kwa nyuma linaweza kuzibwa tu.

Usisubiri mwaka. Maumivu yakitulia, anza ndani ya wiki chache. Kama pesa ya kofia haijapatikana, usikae na kizibo cha muda. Mwombe daktari ajenge jino kwa kompoziti imara na afunike ncha zote za kutafunia. Si sawa na kofia, lakini hukupa muda ukiwa salama zaidi.

Mara ya kwanza: jino hujengwa, kisha husuguliwa pande zote, takriban milimita 1 hadi 2, kupisha unene wa kofia. Chapa huchukuliwa kwa ute unaoganda au kwa kamera ndogo ya mdomoni. Unaondoka na kofia ya muda huku maabara ikitengeneza ya kudumu.

Kuchagua aina: chuma kitupu ni imara na huhitaji kusugua jino kidogo zaidi, kinafaa gego la nyuma lisiloonekana. Chuma kilichofunikwa kaure kinapendeza, ila kaure inaweza kubanduka na mstari wa kijivu ukaonekana kwenye ufizi. Zirkonia ni nyeupe na ngumu. Kwa gego ndiyo ningeichagua pale bei inaporuhusu. Kwa jino la mbele kuna kaure za glasi zinazopitisha mwanga kama jino la asili.

Mara ya pili: kofia ijaribiwe *kabla* ya kugundishwa. Omba kioo na usogee dirishani, rangi uione kwa mwanga wa jua. Ng'ata karatasi ya rangi. Uzi wa meno upite kwa kubana kidogo bila kukatika. Lolote lisilokuridhisha liseme sasa, kwa sababu baada ya gundi kurekebisha maana yake ni kukata.

Umefanikiwa: unasahau ni jino lipi lililotibiwa, na ukingo wa kofia hauhisiki kwa ulimi.

## Hatua ya 7: Kama jino limeshatoka

Likiwa limetoka kwa ajali, kwa mfano umeanguka na bodaboda, na ni jino la ukubwani, lina nafasi ya kurudi. Lishike kwa sehemu ya juu, usiguse mzizi wala kuusugua. Lisuuze sekunde chache, lirudishe tunduni ung'ate kitambaa, au litumbukize kwenye maziwa. Kimbia. Nusu saa ya kwanza ni ya dhahabu. Baada ya saa moja nafasi hupungua sana. Jino la utoto halirudishwi.

Pengo la kawaida nalo lisiachwe. Meno ya jirani huinamia upande wa pengo, na la juu yake hushuka, hadi kutafuna na kusafisha kunakuwa shida. Njia ni tatu.

Meno ya bandia ya kuvaa ni ya bei nafuu kuliko yote, na hayagusi meno mengine. Yatoe usiku, yasugue kwa sabuni, yalaze kwenye maji. Ukilala nayo unaweza kupata fangasi mdomoni.

Daraja ni jino la kati linaloshikwa na kofia mbili za jirani. Jirani hao lazima wasuguliwe, hata kama ni wazima. Kama tayari wameoza au wana vizibo vikubwa, daraja lina mantiki. Kama ni wazima kabisa, ningesita.

Implanti ni skrubu ya titani inayopandikizwa kwenye mfupa. Mfupa huishika kwa miezi 3 hadi 6, kisha kofia hufungwa juu yake. Haigusi jirani, na ndiyo inayokaribia zaidi jino la asili. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huongeza uwezekano wa kushindwa, kwa hiyo sukari ishuke kwanza. Anayekuahidi implanti bila kupima mfupa kwa picha, mwache.

## Hatua ya 8: Ukaguzi ambao karibu hakuna anayeurudia

Kofia haiozi, lakini jino lililo chini ya ukingo wake linaoza. Piga mswaki mara mbili kwa siku, tema povu bila kusukutua kwa maji mengi, na pitisha uzi kwenye ukingo wa kofia kila usiku. Kuhusu sukari, idadi ya mara huumiza kuliko kiasi: kikombe cha chai kinachonyweka funda moja moja kuanzia saa mbili hadi saa sita hulowesha meno kwa asidi asubuhi nzima. Kinywe mara moja, umalize.

Baada ya mwaka mmoja, rudi upigwe picha ya jino lile lile, hata kama halina shida yoyote. Linganisha na ile ya mwanzo. Kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi kikiwa kimepungua, mfupa unajijenga upya. Wakati mwingine huchukua hadi miaka 4 kumalizika. Kikiwa kimeongezeka, ruti kanali inaweza kurudiwa, na mara nyingi daktari hutoboa tundu dogo juu ya kofia na kupitia hapo bila kuivunja.